SSH bila nenosiri na rsync ya kila usiku: seva mbili zikilandana zenyewe

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye seva mbili anayetaka mafaili ya moja yafike kwenye nyingine kila usiku bila yeyote kukaa kwenye kibodi. Tutatumia SSH, njia salama ya kuingia kwenye kompyuta ya mbali, na rsync, programu ya kunakili mafaili kupitia njia hiyo. Mfano wetu ni huu: tovuti yenye picha nyingi iko kwenye seva ya kukodi huko Frankfurt, na ofisini Morogoro kuna kompyuta ya Debian yenye diski ya nje ya kuwekea nakala. Ile ya Frankfurt tuiite `chanzo`, ya Morogoro tuiite `hifadhi`. Anwani 203.0.113.10 utakayoiona humu ni ya mfano, kwa hiyo weka ya kwako. Amri ni za Debian na Ubuntu. Wenye AlmaLinux au Rocky watabadilisha `apt` kuwa `dnf`, na huduma wanayoiona hapa kama `ssh` kwao inaitwa `sshd`.

## Kwanza amua nani anamfuata nani

Wengi huanza kwa kusukuma: seva yenye mafaili ndiyo inayopiga hodi kwenye seva ya nakala na kuyapeleka. Nashauri kinyume chake. Hifadhi iende chanzo ikavute.

Sababu ya kwanza ni ya mtandao. Kompyuta ya ofisini iliyo nyuma ya ruta ya 4G kwa kawaida haina anwani yake ya umma. Kampuni ya simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, na aliye nje hawezi kuifikia moja kwa moja. Kutoka ndani kwenda nje njia iko wazi. Ukivuta, huna haja ya kulipia anwani ya kudumu wala kufungua poti kwenye ruta.

Sababu ya pili ni nzito zaidi. Tovuti inaonekana na dunia nzima, kwa hiyo ndiyo yenye hatari kubwa ya kuvunjwa. Ufunguo wa kuingilia hifadhi ukiwa umelala kwenye tovuti, mvunjaji anaufuata hadi kwenye nakala zako, na kufikia asubuhi huna tovuti wala nakala. Ukivuta, chanzo hakina ufunguo wa kwenda popote.

Hatari iliyobaki ni ya upande wa pili: hifadhi ndiyo inayoshika ufunguo wa kuingilia chanzo, na kompyuta ya ofisini inaweza kuibwa. Ndiyo maana mbele kidogo tutaubana ufunguo huo usiweze kufanya lolote zaidi ya kusoma folda moja. Miongozo mingi huishia pale nenosiri linapoacha kuulizwa. Mimi kazi naihesabu imeanzia hapo, kwa sababu ufunguo usio na nenosiri ni faili tu, na mwenye nakala ya faili hilo anaingia.

## Watumiaji wawili wapya

Usitumie `root`, akaunti yenye mamlaka yote, wala akaunti yako ya kila siku. Hakikisha kwanza rsync ipo pande zote mbili, kwani isipokuwepo upande mmoja haifanyi kazi:

```
sudo apt install rsync
```

Kwenye chanzo, tengeneza mtumiaji wa kusoma tu, asiye na nenosiri kabisa:

```
sudo adduser --disabled-password --gecos "" msomaji
```

Akaunti ya namna hii haifunguki kwa nenosiri lolote, ila kwa ufunguo wa SSH inafunguka. Sasa mruhusu asome picha bila kubadilisha mwenye mafaili:

```
sudo apt install acl
sudo setfacl -R -m u:msomaji:rX /srv/tovuti/picha
sudo setfacl -R -d -m u:msomaji:rX /srv/tovuti/picha
```

Mstari wa pili unahusu yaliyopo, wa tatu unahusu yatakayozaliwa baadaye. Herufi X kubwa inatoa ruhusa ya kupita kwenye folda bila kuyafanya mafaili ya kawaida yaweze kuendeshwa kama programu. Angalia pia kwamba `/srv` na `/srv/tovuti` zinapitika kwa msomaji. Folda ya juu ikimfungia njia, ruhusa za chini hazimsaidii.

Kwenye hifadhi, mtengeneze `mlinzi` kwa amri ile ile ya `adduser`, kisha mpe diski:

```
sudo mkdir -p /hifadhi/picha /hifadhi/zilizoondolewa
sudo chown -R mlinzi:mlinzi /hifadhi
```

Diski iwe imeshapachikwa kwenye `/hifadhi` kabla ya amri hizo, na iwe na mfumo wa mafaili wa ext4. Diski za nje za dukani huja na exFAT au NTFS, na humo viungo na ruhusa za Linux havikai vizuri.

## Ufunguo

SSH ilizaliwa mwaka 1995, pale Tatu Ylönen wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Helsinki alipoandika programu yake baada ya mtu kunasa manenosiri kwenye mtandao wa chuo. Zama hizo telnet na FTP zilipitisha nenosiri waziwazi, na SSH ilipewa poti 22, katikati ya 21 ya FTP na 23 ya telnet. Leo karibu kila Linux inatumia OpenSSH, iliyoanzishwa na watu wa OpenBSD mwaka 1999.

Nayataja haya kwa sababu mitandaoni bado kuna miongozo ya kale inayokuambia uandike `-t dsa`. Usiifuate. OpenSSH iliacha kukubali funguo za DSA kwa chaguo-msingi tangu toleo 7.0 la mwaka 2015, na toleo 10.0 la mwaka 2025 liliziondoa kabisa. Tumia Ed25519: ni fupi, ni ya haraka, na inatambulika tangu toleo 6.5 la mwaka 2014.

Kwenye hifadhi, ingia kama mlinzi na utengeneze ufunguo:

```
sudo -iu mlinzi
ssh-keygen -t ed25519 -f ~/.ssh/chanzo_picha -N "" -C "mlinzi@hifadhi"
```

Hapo `-N ""` inasema ufunguo usiwe na nenosiri, kwa kuwa saa nane za usiku hakuna wa kuliandika. Ufunguo wako wewe binafsi, unaoingilia kama msimamizi, uwe na nenosiri bila mjadala. `ssh-agent`, programu inayotunza funguo zilizofunguliwa, italikumbuka kwa niaba yako mchana kutwa. Ukitumia ufunguo mmoja kwa mtu na kwa mashine, siku ya kuufuta mmojawapo utawafungia nje wote wawili.

Mafaili mawili yametokea. `chanzo_picha` ni ufunguo wa siri na hautoki kwenye kompyuta hiyo, si kwa barua pepe wala kwa WhatsApp. `chanzo_picha.pub` ni wa umma, na huo ndio utakaopelekwa.

Rudi kwenye chanzo kama msimamizi:

```
sudo install -d -m 700 -o msomaji -g msomaji /home/msomaji/.ssh
sudo nano /home/msomaji/.ssh/authorized_keys
```

Bandika mstari mzima wa `.pub`, unaoanza na `ssh-ed25519`, ukae kwenye mstari mmoja bila kukatika. Kisha:

```
sudo chown msomaji:msomaji /home/msomaji/.ssh/authorized_keys
sudo chmod 600 /home/msomaji/.ssh/authorized_keys
```

Kuna `ssh-copy-id` inayofanya haya yote kwa mkupuo, nayo ni nzuri kwa ufunguo wako binafsi. Kwa msomaji haifai, maana inahitaji kuingia kwanza kwa nenosiri, na yeye hana.

## Kujua kwamba unaongea na seva yako

Mara ya kwanza ya kuunganisha, SSH itakuonyesha alama ya kidole ya seva na kukuuliza kama unaikubali. Wengi huandika `yes` bila kusoma. Hapo ndipo mtu aliyejiweka katikati ya njia angepata nafasi, na kwa kuwa hatua hii inafanywa mara moja tu, haina sababu ya kufanywa kwa haraka.

Fungua chanzo kupitia konsoli ya tovuti ya kampuni unayokodi kwake, usipitie SSH, kisha uandike:

```
ssh-keygen -lf /etc/ssh/ssh_host_ed25519_key.pub
```

Nakili ule mfuatano unaoanza na `SHA256:`. Kwenye hifadhi, ukiwa bado mlinzi:

```
ssh -i ~/.ssh/chanzo_picha msomaji@203.0.113.10
```

Swali likija, badala ya kuandika `yes` bandika mfuatano ule. Ukilingana, SSH inaendelea. Usipolingana, inakataa na kukuuliza tena. Hivyo unaiachia mashine kazi ya kulinganisha herufi 43.

Ni muhimu uwe mlinzi wakati wa kufanya hivi. Orodha ya seva zinazojulikana huwekwa kwa kila mtumiaji peke yake, ndani ya `~/.ssh/known_hosts`. Ukiikubali seva ukiwa na akaunti yako, mlinzi bado haijui, na usiku kazi yake itakwama.

Ukiombwa nenosiri au ukikataliwa kwa `Permission denied (publickey)`, usianze kubahatisha. Ongeza `-v` kwenye amri. Ukiona `Offering public key` halafu hakuna `Server accepts key`, ufunguo wako umefika na chanzo ndicho kilichoukataa, basi kasome upande wa chanzo:

```
sudo journalctl -u ssh -n 50
```

Sababu ninayokutana nayo zaidi ni ruhusa. SSH haiamini `authorized_keys` ambalo mtu mwingine angeweza kulibadilisha, na hiyo inahusu folda zote hadi nyumbani kwa mtumiaji. Ujumbe wake ni `Authentication refused: bad ownership or modes`, ukifuatiwa na jina la folda yenye kasoro. Kama ni `/home/msomaji`, dawa ni `chmod g-w,o-w` juu yake. Kwenye familia ya Red Hat, ruhusa zikiwa sawa na bado unakataliwa, jaribu `restorecon -Rv` kwenye folda ya `.ssh`, kwani huenda SELinux, ulinzi wa ziada wa mifumo hiyo, ndiyo inayozuia.

Mambo yakikaa sawa, andika `~/.ssh/config` ya mlinzi ili usirudie maneno yale yale:

```
Host chanzo
    HostName 203.0.113.10
    User msomaji
    IdentityFile ~/.ssh/chanzo_picha
    IdentitiesOnly yes
    BatchMode yes
    ServerAliveInterval 30
    ServerAliveCountMax 4
```

`BatchMode yes` inamaanisha SSH isiulize swali lolote: ikiwezekana iingie, isipowezekana ishindwe papo hapo. Mistari miwili ya mwisho inaivunja safari baada ya takriban dakika mbili za ukimya, jambo linalotokea sana pale umeme wa ofisi unapokatika na ruta kuzimika katikati ya kazi.

## rsync, na mkwaju mmoja unaowasumbua wengi

Andrew Tridgell na Paul Mackerras waliitoa rsync mwaka 1996. Kwa kawaida inalinganisha ukubwa wa faili na saa lilipobadilishwa mara ya mwisho. Vikilingana, inaliruka. Visipolingana, inaligawa faili vipande na kutuma vile tu vilivyo tofauti. Kwa hiyo usiku wa kwanza utachukua picha zote, na usiku unaofuata zile za siku hiyo tu. Kwa anayelipia kifurushi, tofauti hiyo inaonekana kwenye bili.

Anza na jaribio lisilogusa kitu:

```
rsync -rltin chanzo:/srv/tovuti/picha/ /hifadhi/picha/
```

Herufi `n` ndiyo inayosema fanya kama kweli lakini usifanye, na `i` inaorodhesha kila ambacho kingebadilika. Soma orodha hiyo kwa makini.

Tazama mkwaju wa mwisho baada ya `picha`. Ukiwepo, maana yake ni "vilivyomo ndani ya picha". Usipokuwepo, maana yake ni "folda picha yenyewe", na utajikuta na `/hifadhi/picha/picha`. Hata `--delete`, tutakayoitumia mbele kuondoa kwenye nakala kile kilichoondolewa kwenye chanzo, haitakuokoa na kosa hilo la herufi moja: inafagia ndani ya folda inayolandanishwa tu, kwa hiyo vya zamani vitabaki kwenye `/hifadhi/picha` bila kusasishwa, na utakuwa na nakala mbili.

Miongozo mingi hutumia `-avz`. Sina ugomvi na `-a`, ila kwa mtumiaji wa kawaida asiye root sehemu yake ya kuhifadhi mwenye faili haifanyi kazi, na `-rlt` inatosha: ingia ndani ya folda, hifadhi viungo, hifadhi saa. Kuhusu `-z`, picha za JPEG zimeshabanwa tayari, kuzibana tena ni kuichosha CPU bure. Iweke kama unavuta maandishi au madampo ya hifadhidata, yaani nakala zake zilizotolewa kama faili.

Ukikutana na `protocol version mismatch -- is your shell clean?`, tazama `.bashrc` ya msomaji kwenye chanzo. Kuna `echo` humo inayosalimia wanaoingia, na rsync imeichukulia salamu hiyo kama data.

## Kuubana ufunguo

Kwenye chanzo, tafuta rrsync, skripti ndogo inayokuja na rsync yenyewe:

```
command -v rrsync
```

Matoleo mapya huiweka `/usr/bin/rrsync`. Kwenye mifumo ya zamani imefichwa ndani ya nyaraka za rsync chini ya `/usr/share/doc`, na utalazimika kuinakili `/usr/local/bin` na kuipa ruhusa ya kuendeshwa. Kisha fungua `authorized_keys` ya msomaji na uongeze maneno haya mbele ya ufunguo, kwenye mstari ule ule:

```
command="/usr/bin/rrsync -ro /srv/tovuti/picha",restrict ssh-ed25519 AAAA... mlinzi@hifadhi
```

`restrict` inazima kila kitu cha pembeni: terminali, kupitisha poti, kupitisha agent. `command` inalazimisha programu moja tu iendeshwe, hata aliye upande wa pili akiomba nyingine. `-ro` ni kusoma bila kuandika. Kama ofisi yako ina anwani ya kudumu, ongeza `from="..."` yenye anwani hiyo, lakini kwa mwenye laini ya simu inayobadilika kila ruta ikiwashwa, hiyo itakufungia nje wewe mwenyewe.

Jaribu sasa `ssh chanzo ls` kutoka hifadhi. Ikataliwe. Ikikubaliwa, kuna mahali umekosea nukuu au mkato.

Badiliko moja linafuata: kwa rrsync, folda uliyoitaja ndiyo imekuwa mzizi. Njia ndefu haitumiki tena, unaandika `chanzo:/` na kuishia hapo.

## Skripti

Weka `/usr/local/bin/vuta-picha` kwenye hifadhi:

```
#!/bin/bash
set -u
LENGO=/hifadhi/picha
ZILIZOONDOLEWA=/hifadhi/zilizoondolewa/$(date +%F)

if ! mountpoint -q /hifadhi; then
    echo "Diski ya hifadhi haijapachikwa" >&2
    exit 1
fi

rsync -rlt --delete --max-delete=200 \
    --backup --backup-dir="$ZILIZOONDOLEWA" \
    --partial-dir=.vipande --timeout=120 --bwlimit=500 \
    chanzo:/ "$LENGO"/
HALI=$?

if [ "$HALI" -eq 0 ] || [ "$HALI" -eq 24 ]; then
    touch /hifadhi/.mara-ya-mwisho
    exit 0
fi
echo "rsync imeshindwa, namba $HALI" >&2
exit "$HALI"
```

Mpe ruhusa: `sudo chmod 755 /usr/local/bin/vuta-picha`.

`mountpoint` ipo kwa sababu ya waya wa USB. Diski ikichomoka, `/hifadhi` inabaki kuwa folda tupu kwenye diski ya ndani, na kama ruhusa zake zinaachia, rsync itaanza kuvuta kila kitu upya hadi diski ya mfumo ijae.

`--delete` inaondoa kwenye nakala kile kilichoondolewa kwenye chanzo. Bila tahadhari huo si uhifadhi: mtu akifuta albamu mchana, usiku nakala nayo inaifuta kwa utii. Kwa hiyo `--backup-dir` inakihamishia kwenye folda yenye tarehe kila kilichofutwa au kubadilishwa, na `--max-delete=200` inasimamisha ufutaji ukivuka mafaili 200. Kuvuka huko hutoa namba 25, na ukiiona namba hiyo kwenye kumbukumbu, usiongeze kikomo kabla ya kwenda chanzo kuangalia kilichotokea. Chagua kikomo chako kwa kazi yako. Duka linalobadilisha picha kila siku litahitaji kikubwa zaidi. Folda za tarehe zitarundikana, kwa hiyo zifute kwa mkono au kwa `find` kila baada ya miezi.

`--partial-dir` inalitunza faili lililokatikia njiani ili kesho liendelezwe. `--bwlimit=500` ni takriban megabiti 4 kwa sekunde. Namba 24 inamaanisha kuna mafaili yaliyotoweka wakati rsync inasoma, jambo la kawaida kwenye tovuti iliyo hai, ndiyo maana nimeihesabu kuwa salama. Namba 255 inatoka kwa SSH yenyewe: mtandao, ufunguo au alama ya kidole.

Iendeshe kwa mkono mara ya kwanza, `sudo -u mlinzi /usr/local/bin/vuta-picha`, na iache imalize kabla ya kuikabidhi kwa saa.

## Saa ya kuamka

Kwa seva isiyozimika, cron, programu ya Linux inayoendesha kazi kwa ratiba, inatosha. Kwa kompyuta ya ofisi inayokatikiwa umeme, natumia timer ya systemd, mfumo unaosimamia huduma za Linux, kwa sababu cron ikikosa saa yake haikumbuki, ilhali timer yenye `Persistent=true` hufidia mara tu kompyuta inapowaka. Andika `/etc/systemd/system/vuta-picha.service`:

```
[Unit]
Description=Kuvuta picha kutoka chanzo
Wants=network-online.target
After=network-online.target

[Service]
Type=oneshot
User=mlinzi
ExecStart=/usr/local/bin/vuta-picha
```

Na `/etc/systemd/system/vuta-picha.timer`:

```
[Unit]
Description=Kuvuta picha kila usiku

[Timer]
OnCalendar=*-*-* 02:00:00 Africa/Dar_es_Salaam
RandomizedDelaySec=10m
Persistent=true

[Install]
WantedBy=timers.target
```

Kisha:

```
sudo systemctl daemon-reload
sudo systemctl enable --now vuta-picha.timer
systemctl list-timers vuta-picha.timer
```

Bosi akikuambia "saa nane usiku", kompyuta inataka 02:00. Hilo kila mtu hulikumbuka. Linalosahaulika ni kwamba seva nyingi za kukodi huja zikiwa kwenye UTC, saa tatu nyuma ya Dar es Salaam na Nairobi, kwa hiyo ukiandika 2 kwenye cron ya seva hiyo, kazi itaanza saa kumi na moja alfajiri. Kwa saa nane usiku ungeandika 23. Walio Bujumbura au Lubumbashi watoe mbili badala ya tatu. Kwenye timer tumetaja eneo la saa moja kwa moja, hivyo hesabu hizo hazituhusu.

Atakayebaki na cron aandike hivi kwenye `crontab -e` ya mlinzi:

```
0 2 * * * flock -n /tmp/vuta-picha.lock /usr/local/bin/vuta-picha >> $HOME/vuta-picha.log 2>&1
```

`flock` inazuia kazi ya leo kuanza kabla ya ile ya jana kuisha. systemd haihitaji hilo, kwani haianzishi huduma ile ile mara mbili kwa pamoja.

## Kufunga mlango wa nenosiri kwenye chanzo

Fanya hili ukiwa na terminali mbili zilizoingia tayari, na ufunguo wako binafsi umeshathibitika unafanya kazi. Andika `/etc/ssh/sshd_config.d/10-bila-nenosiri.conf`:

```
PasswordAuthentication no
KbdInteractiveAuthentication no
PermitRootLogin prohibit-password
```

Namba 10 mwanzoni mwa jina ina kazi. sshd huchukua thamani ya kwanza inayokutana nayo, na seva nyingi za Ubuntu za kukodi zina faili la `50-cloud-init.conf` linaloweza kuwa linaruhusu manenosiri. La kwako likianza na 99 halitasikilizwa, na hutaambiwa. Kwa hiyo usiamini ulichoandika, iulize sshd yenyewe:

```
sudo sshd -t
sudo sshd -T | grep -Ei 'passwordauth|kbdinter|permitroot'
sudo systemctl reload ssh
```

Halafu kutoka kompyuta yako jaribu kuingia bila ufunguo: `ssh -o PubkeyAuthentication=no jinalako@203.0.113.10`. Jibu sahihi ni kukataliwa bila hata kuulizwa nenosiri.

## Hifadhidata, na kujua kama bado inafanya kazi

Usielekeze rsync kwenye folda ya MySQL au PostgreSQL iliyo hai. Mafaili yake yanabadilika wakati yanasomwa, na nakala utakayopata huenda isifunguke kabisa. Toa dampo kwanza kwenye chanzo, kwa `mysqldump --single-transaction` kama majedwali ni ya InnoDB au kwa `pg_dump`, liweke kwenye folda yake, kisha livute kwa ufunguo wa pili wenye rrsync yake. Folda hiyo isiwe ndani ya `picha`, ambayo tovuti inaionyesha kwa umma.

Kazi za usiku hufa kimyakimya. Ndiyo maana skripti inagusa `.mara-ya-mwisho`, na faili hilo liko nje ya `/hifadhi/picha` ili `--delete` isilifagie. Asubuhi amri hii inatosha:

```
find /hifadhi/.mara-ya-mwisho -mmin +1560
```

Dakika 1560 ni saa 26. Ikiandika jina la faili, usiku uliopita haukufanikiwa, nenda `journalctl -u vuta-picha`. Ikinyamaza, mambo ni sawa. Mara moja kwa mwezi chukua picha moja kutoka pande zote mbili, zipitishe kwenye `sha256sum`, na uifungue ile ya hifadhi kwa macho yako.

Siku kompyuta ya ofisini itakapoibwa au kuuzwa, huna haja ya kubadilisha nenosiri la mtu yeyote. Ingia chanzo, ondoa ufunguo, na umkate aliyeko ndani kwa wakati huo, maana kufuta mstari hakuvunji safari iliyokwisha kufunguliwa:

```
sudo sed -i '/mlinzi@hifadhi/d' /home/msomaji/.ssh/authorized_keys
sudo pkill -u msomaji
```